Pale Pasipovuja

Mdogo alikuwa na saluni, mkubwa alifanya kazi maabara, na waliowajua walisema hao dada wawili wamegawana miili ya watu: mmoja kachukua nywele, mwingine kachukua damu. Yule wa saluni aliitwa Kicheko, kwa kuwa alianza kucheka kabla utani haujafika mwisho. Yule wa maabara aliitwa Dada Chupa. Jina hilo alipewa na huyo huyo mdogo wake, siku alipomtembelea kazini akamkuta kazungukwa na vichupa vya damu vyenye vifuniko vya rangi rangi, anavipanga kama muuza manukato.

"Wenzako wanapanga vikombe vya wageni, wewe unapanga damu za watu," alimwambia. "Haya, Dada Chupa."

Jina likaganda. Hata mama yao alilitumia.

Dada Chupa aliwahi kuolewa. Mtoto hakuja, na baada ya miaka kadhaa mume naye akaacha kuja nyumbani, mambo yakaishia hapo. Hakupenda kulizungumza. Kicheko alikuwa na binti wawili, wote wametoka kwa upasuaji, na alitaka watoto wanne. Hilo hakumficha mtu. "Watoto wawili ni kama kiti cha miguu miwili," aliwaambia wateja huku kashika kitana kwa meno. "Kinasimama, lakini nani atakikalia?" Mume wake, fundi bomba, mtu wa maneno machache, alisema yeye atapokea yeyote atakayekuja, mradi asichezee spana zake.

Mimba ya tatu iliposhika, hospitali aliyofanyia kazi Dada Chupa ilikuwa katikati ya utafiti. Walikuwa wanachunguza kondo la nyuma. Kwa kawaida kondo hujishika kwenye ukuta wa kizazi kiasi tu. Mtoto akishatoka, nalo hubanduka likamfuata. Lakini kwa mwanamke aliyekwisha kupasuliwa, pengine kondo hutua juu ya kovu, na kovu halina uwezo wa kulizuia. Hapo huzamisha mizizi ndani ya nyama, na mara nyingine mizizi hutokeza upande wa pili. Mwanamke mwenyewe hasikii kitu. Anapanda ngazi, anafua, anasimama kutwa anasuka watu. Siku ya kujifungua mkunga anavuta kondo, haliji, anavuta tena, na damu inafunguka pasipo mtu wa kuifunga. Watafiti walitaka kujua kama damu ya mama inaweza kulisema jambo hilo mapema, maana kondo lililozama humwaga kwenye damu vitu ambavyo kondo lililotulia halimwagi kwa wingi ule.

Dada Chupa alikwenda saluni kumwomba mdogo wake ajiunge.

"Utotoni ulikula nyama yangu kwenye sahani," Kicheko alisema, "leo umefika kwenye damu?" Wateja wakaangua kicheko, na yeye akawa amekwisha kunyoosha mkono.

Damu ilipimwa na mwenzake Dada Chupa, kwa sababu utaratibu haukumruhusu kupima ya ndugu yake. Majibu yalitoka juu kuliko kawaida. Ikachukuliwa nyingine, nayo ikatoka juu. Picha ya ultrasaundi haikusema ndiyo wala hapana: kondo lilikuwa chini, limekaa palepale penye makovu, na mpaka wake ulionekana kama mstari uliofutwa kwa kidole.

Daktari wa wajawazito, mwanamke mrefu aliyeongea polepole, aliwaita mke na mume, na Dada Chupa akaingia nao.

"Kipimo hiki cha damu bado kinajaribiwa," alisema. "Kingekuwa peke yake, nisingekitegemea. Lakini makovu yako, mahali kondo lilipokaa, na damu yako, vyote vinasema neno moja."

"Neno gani?" aliuliza fundi.

"Kwamba kondo limejishika vibaya. Nataka ajifungulie hapa, kwa upasuaji, kabla uchungu haujaanza, na damu ya kumwongezea iwe tayari mlangoni. Nikikuta ninachokihofia, sitaligusa kondo. Nitalitoa pamoja na kizazi."

Kicheko alicheka. "Mtoto anahama na nyumba yake?" Hakuna aliyemfuata. Kisha akauliza, "Na kama mmekosea?"

"Nikifungua tumbo nikakuta si hivyo, kizazi kitabaki."

Akamgeukia dada yake. "Ungekuwa wewe, ungekubali?"

"Ningekubali," alisema Dada Chupa. Alilisema upesi, bila kumeza mate, na baadaye alitamani angalau angekohoa kwanza.

Kicheko alitia saini. Mumewe naye akatia, kwa mkono wa mtu aliyezoea kushika chuma.

Mama yao alipoelezwa, alikunja tena kanga ambayo tayari ilikuwa imekunjwa. "Bibi yangu, vita alikuwa akiviita kondo," alisema. "Sikujua mtu anaweza kuvibeba tumboni."

Upasuaji ulikwenda vizuri, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia.

Daktari alipofungua tumbo aliona kwa macho yake: sehemu ya chini ya kizazi imevimba, ya buluu, mishipa imesimama juu yake minene kama mizizi ya mti uliopasua sakafu. Alikata juu kabisa, mbali na hapo, akamtoa mtoto. Alikuwa msichana, akalia kwa hasira. Kitovu kikafungwa, kondo likaachwa lilipo, na kizazi kikatolewa chote. Mifuko ya damu ambayo Dada Chupa alikuwa ameilinganisha na kuihakiki asubuhi nzima ilirudi karibu yote kwenye friji. Muuguzi aliyeirudisha alimkuta amejiinamia kwenye beseni la kunawia, analia, na akadhani kuna msiba.

"Mama, imepita," Dada Chupa alisema kwenye simu.

"Imepita nini?" aliuliza mama. "Si amejifungua tu?"

Kicheko alirudi nyumbani akitembea mwenyewe. Hakuzimia, hakupelekwa chumba cha mahututi, hakuongezewa damu ya maana. Wageni waliokuja na sabuni na nepi walimkuta amekaa kitini, ananyonyesha, ana kidonda cha tumboni kama vile viwili vya zamani. Walipoambiwa kwamba alikuwa ukingoni mwa kaburi, walimtazama, wakatazamana.

Mama mkwe wake ndiye aliyetangulia kusema, tena mbele ya watu. "Mwenye ugonjwa huonekana mgonjwa. Huyu alikwenda anacheka, karudi anatembea. Sasa hicho kilichotolewa kiliumwa nini?" Aliteremsha sauti kidogo, kiasi cha kusikika na wote. "Hospitali kubwa zina watu wanaojifunza. Wanajifunzia kwa nani? Kwa watoto wetu."

Saluni nako hakukukosa la kusema. Mteja mmoja alikuwa amepasuliwa mara nne na kizazi chake kipo. Mwingine binamu yake aliambiwa hivyo hivyo, akakimbilia hospitali nyingine, akazaa salama. Hakuna aliyeuliza kama kondo la binamu huyo lilikaa penye kovu. Maneno hayana mfupa. Yaliingia masikioni mwa Kicheko yakapata mahali laini pa kulala, kwa kuwa mtu aliyeporwa hupenda zaidi kusikia habari za mwizi kuliko habari za mafuriko.

Kwanza aliacha kusema "tulipookolewa". Akawa anasema "waliponitoa". Kisha akaacha kucheka kabla ya mwisho wa utani, na baadaye hata baada ya mwisho.

Jumamosi moja Dada Chupa alikwenda kumwona mtoto. Alimkuta shemeji yake uani, kachuchumaa mbele ya bomba analifunga uzi wa kuzuia maji. Fundi alifuta mikono, akamvutia kigoda.

"Shemeji, nikuulize kitu. Usinichukie."

"Uliza."

"Mimi nikiitwa kwenye nyumba, mwenyewe ananionyesha maji. Sakafu imelowa, rangi imebanduka, anajua ananilipia nini. Sasa niingie kwenye nyumba kavu, nivunje ukuta, ning'oe bomba, halafu nimwambie mama mwenye nyumba, 'Hili lingepasuka mwezi ujao.' Ataniambiaje?"

"Lakini kama ulipima, ukaona limeoza..."

"Nimepima mimi. Yeye kaona nini? Kaona ukuta umevunjwa." Aliligeuza bomba mkononi. "Sisemi mlikosea. Mimi nilitia saini, na wala sijuti. Ila mke wangu anaamka ameshika tumbo kama mtu aliyepoteza funguo. Nimwambie nini?"

Dada Chupa aliinuka kwenye kigoda. Akaingia ndani. Kicheko alimpa mtoto ambebe, akakaa mbali kidogo, akimtazama jinsi anavyomshika.

"Hivi," Kicheko alisema, "kabla yangu, kwenye huo utafiti wenu, mlikuwa mmepata wangapi wenye hali kama yangu?"

"Wachache."

"Na mlikuwa mnahitaji wengi."

"Unasema nini?"

"Nauliza tu. Kuuliza si kosa."

Mtu mwingine angelia, au angegomba, au angeuchukua mkono wa mdogo wake akakaa nao kimya mpaka jioni. Dada Chupa alikuwa mtu wa ushahidi. Tangu utotoni, akishutumiwa kula sukari, alikuwa akifungua mdomo watu wanuse. Akaona dawa ya jambo hili ni moja: Kicheko aone.

Kizazi kilikuwa bado kimehifadhiwa. Daktari wa darubini, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, alikuwa amekichunguza kipande kwa kipande na kuthibitisha kwamba mizizi ya kondo ilikuwa imepenya unene wote wa nyama, ikabakiza ngozi nyembamba kama karatasi. Dada Chupa alipomwomba amwonyeshe mdogo wake, mzee huyo alivua miwani.

"Ni haki yake akitaka. Lakini ameomba yeye, au umeomba wewe?"

"Akiona ataelewa."

"Watu nimewaonyesha. Wengi wanaelewa. Sikumbuki aliyefurahi."

Kicheko alikuja, akiwa ameambiwa tu afike hospitali, kavaa gauni lake la kutokea, kajifunga kilemba kizuri. Pengine alidhani anakuja kupatanishwa. Pengine alidhani dada yake hatimaye atamwomba msamaha. Alipitishwa kwenye ukumbi wenye harufu kali inayochoma macho, akaingizwa kwenye chumba chenye meza ya chuma na rafu za ndoo nyeupe zenye vifuniko. Daktari wa darubini alimsalimu, akamweleza kwa upole, akaishusha ndoo moja na kuifungua.

Dada Chupa ndiye aliyekuwa na haraka. Alivaa glavu, akaanza kuonyesha kwa kijiti. "Ona hapa. Huu ndio ukuta wako wa kawaida, unene wake huu. Sasa njoo hapa, penye kovu. Unaona? Hakuna ukuta. Kondo limefika mpaka kwenye ngozi ya nje. Mkunga angelivuta hili..." Sauti yake ilikuwa imepanda kwa namna ya mwalimu anayekaribia jibu. "Kipimo hakikukosea, mdogo wangu. Hakikukosea hata kidogo."

Kicheko hakutazama palipoonyeshwa. Alikuwa anatazama ndoo. Kwenye ubavu wake palikuwa na kibandiko chenye namba, na juu yake mabaki ya kibandiko cha zamani kisichobanduka vizuri.

"Wanangu watatu wamekaa humu," alisema.

"Ndiyo, lakini angalia hapa..."

"Nilikuwa nikiamka nashika tumbo, nasema pengine sijui, pengine walikitupa, pengine kilizikwa mahali. Kumbe kipo kwenye ndoo. Na wewe unapita hapa kila siku kwenda kunywa chai."

Daktari wa darubini alirudisha kifuniko taratibu. Dada Chupa alikuwa bado ameshika kijiti.

"Nilitaka uone kwamba ungekufa," alisema.

"Nimeona. Ulitaka nikushukuru." Kicheko alikuwa analia sasa, bila sauti, machozi yanateremka kwenye poda. "Mimi nataka kulilia kitu changu, wewe umenileta darasani. Dada, wewe hukuzaa. Hiki kwako ni nyama ya kusomea. Hukuzaa, ukaona na mimi inatosha."

Alitoka. Viatu vyake vilisikika ukumbini mpaka mwisho. Dada Chupa alivua glavu, akazitupa kwenye pipa la taka za kawaida badala ya lile jekundu, na mzee wa miwani ya plasta akainama, akaziokota, akaziweka panapostahili.

Kabla mwaka haujaisha, mchana mmoja, mwanamke aliletwa na gari la wagonjwa kutoka kituo kidogo alikojifungulia. Naye alikuwa na kovu. Hakuna aliyempima damu kutafuta lolote, maana kipimo kilikuwa bado hakijatoka nje ya utafiti. Kondo lilivutwa, halikuja, likavutwa tena. Simu ya chumba cha upasuaji ililia maabara: leteni damu. Dada Chupa akalinganisha, akapeleka. Leteni nyingine. Akapeleka. Alikimbia ukumbi ule kwenda na kurudi mpaka friji ikabaki na mifuko ya makundi yasiyofaa. Simu ikalia tena, sauti ikasema, "Basi. Usilete tena."

Alipotoka alimwona mume wa yule mwanamke kakaa kwenye benchi, kapakata mkoba wenye nguo za mtoto, bado hajaambiwa. Na wazo la kwanza lililomjia Dada Chupa, kabla ya huruma, kabla ya sala, lilikuwa hili: laiti Kicheko angekuwepo, aone. Wazo lilipopita, aliegemea ukuta. Alijiona kama mtu aliyejikuta anatabasamu msibani.

Hata hivyo hakuweza kulimeza. Jumapili alikwenda kwa mama yao akijua Kicheko yuko huko, akasimulia yote: kovu, kituo, mifuko ya damu, mume na mkoba wake. Mama alijifunika uso kwa kanga. Kicheko alikuwa anachambua mchele. Hakuacha.

"Maskini," alisema. "Mungu amlaze pema."

"Ungekuwa wewe," alisema Dada Chupa.

"Najua."

"Unajua?"

"Nilijua siku ile kwenye ndoo. Mimi si mjinga, nina macho." Alitoa jiwe dogo kwenye sinia, akalitupa nje kupitia mlangoni. "Nashukuru sikufa. Nimekwambia, umesikia, mama ni shahidi. Unataka na nini tena? Nicheke?"

"Nataka uwe ndugu yangu."

"Ndugu yangu angenijia na leso. Wewe ulikuja na kijiti."

Mama alisema, "Jamani, wanangu, yaishe," na wote wawili wakamwitikia kwa adabu, na hayakuisha.

Utafiti ulikamilika. Kipimo kilionekana kina manufaa kikiunganishwa na picha na historia ya mama, na hospitali ikaanza kukitumia kwa wanawake wenye makovu. Katika mkutano wa wataalamu, daktari mrefu alionyesha ukutani picha ya kizazi kilichoathirika, bila jina, akaeleza habari za mgonjwa aliyegunduliwa mapema, ambaye hakupoteza damu nyingi. Ukumbi ulipiga makofi. Dada Chupa, safu ya nyuma, aliitambua ile sehemu ya buluu kama mtu anavyotambua nyumba ya kwao kwenye gazeti. Na yeye alipiga makofi, kwa sababu waliokaa kushoto na kulia walikuwa wanapiga.

Wanawake wengine waliokoka baada ya hapo. Aliwaona wakitoka wodini wamebeba watoto, wengine bila kizazi, wamenuna, wakiuliza kwa sauti ya chini kama kweli ilikuwa lazima. Aliwapisha mlangoni.

Kicheko alipanua saluni, akaajiri wasichana wawili. Watu walisema ameanza tena kucheka, ila si sana. Dada Chupa alisikia tu, hakuwepo. Walikutana kwenye misiba na wakati mama alipougua, wakizungumza habari za vidonge na zamu za kumuuguza, kwa adabu, kama wapangaji wa nyumba moja. Fundi alimpigia simu mara moja moja kumjulia hali, akiwa kazini, na Dada Chupa alisikia maji yakitiririka nyuma ya sauti yake.

Mama alipohamia kwa Kicheko kuuguzwa, Dada Chupa alikwenda na dawa. Mlango ulifunguliwa na yule msichana wa tatu, sasa mkubwa wa kutosha kufikia kitasa. Alikuwa na meno yaliyoachana na nywele zimesukwa vizuri sana. Walikuwa wameonana mara chache, na daima katikati ya watu wengi.

"Nani huyo?" Kicheko aliuliza kutoka chumbani.

"Mama mmoja ana mfuko!"

Pazia la chumbani lilisogea, likarudi. Kisha sauti, wala haikuwa ya hasira: "Ni daktari. Msalimie daktari."

"Shikamoo, daktari."

Dada Chupa hakuwa daktari, hajawahi kuwa. Alikuwa mama mkubwa wa mtoto huyo, na neno hilo lilimfika ulimini likasimama hapo.

"Marahaba," alisema.

"Umekuja kumchoma nani?"

"Hakuna. Nimeleta dawa za bibi."

"Mwambie kwamba bibi amelala," ilisema sauti ya ndani. "Aziweke mezani."

Aliziweka mezani, akazipanga kwa mpangilio wa kumeza, za asubuhi huku, za jioni kule. Mtoto alisimama akimtazama mpaka akamaliza, kisha akamfungulia mlango.